Mwachie Mkono wa Kulia

Jioni hiyo Julia alikwenda kuomba moto kwa jirani yake, Mama Silvesta. Ni hatua ishirini tu, mlango hadi mlango. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, na kijiji kipya cha Chilangala kilikuwa kimepangwa kwa kamba, nyumba zimenyooka mistari, kila mtu kapewa jirani hata kama hakumtaka. Mama Silvesta alimpa kigae chenye makaa. Julia akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.

Mkono wa kushoto ukakataa.

Kigae kilianguka, makaa yakatawanyika miguuni mwao. Mama Silvesta hata hakuruka. Alikuwa anautazama ule mkono.

"Bado tu, Mwalimu?"

"Bado, mama."

"Wa kushoto..." alinong'ona. "Ndiyo huohuo."

Julia alirudi nyumbani bila moto. Huohuo upi? Yule mama alijua nini?

Maumivu yalianza na mvua za kwanza. Kila asubuhi aliamka bega linawaka, kiwiko kimekaza, vidole havikunjiki. Na kazi yake ilikuwa kuwafundisha akina mama ushonaji kwa cherehani ya kanisa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Mzee wa kanisa alikwisha kumwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba asipopona mwezi huu mashine itapelekwa Newala. Bila cherehani Julia angekuwa nani pale kijijini? Mwanamke aliyeolewa na mjane akarithi vyungu vya marehemu, basi.

"Mama Silvesta ananichezea mkono kwa uchawi," alimwambia mumewe.

Bartholomayo alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mtoto mmoja wa mke wa kwanza, Reginald, askari huko mpakani kwenye mto Ruvuma. Alisifika kwa jambo moja. Katika shamba la kijiji kila kaya ilipimiwa ngwe yake ya kulima, na ngwe ya Bartholomayo ndiyo iliyomalizika kwanza siku zote. Alisema analima alfajiri, wavivu wakiwa wamelala. Julia mwenyewe alisamehewa jembe kwa ajili ya darasa lake.

"Achana na jirani," alisema. "Twende Ndanda, ukapimwe."

Wakaenda. Hospitali ya misheni walimpiga picha, na mifupa ilikuwa mizima. Nesi Imakulata, mwanamama mwenye macho ya kutulia, akamwambia afungue viganja. Akavitazama. Akavigeuza. Akavitazama tena.

"Wewe ni wa shoto?"

"Hapana. Naandika kwa kulia, nashona kwa kulia."

"Basi hizi sugu za mpini umezipata wapi?"

Julia alitazama. Kiganja cha kulia kilikuwa laini, cha fundi. Cha kushoto kilikuwa na sugu nne, ngumu, za njano. Na yeye hakuwa ameshika jembe tangu aolewe.

Kabla hajafungua mdomo, mumewe alijibu.

"Ananisaidia shambani, nesi."

Alisema upesi mno.

Nesi aliandika kwenye kadi: apumzishe mkono, asilime. Akampa na dawa ya kuchua. Safari nzima ya kurudi Julia alikaa dirishani, harufu ya dawa ikimpanda puani, akimtazama mumewe kwa pembe ya jicho.

Jua lilipokuwa linazama alikwenda tena kwa Mama Silvesta. Safari hii hakuomba moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja."

"Niambie. Ni nani wa shoto?"

Mama Silvesta alichungulia nje kwanza, akarudisha mlango.

"Mama Reginald," alinong'ona. "Marehemu. Alikuwa akilima kwa shoto, na hakuna mwanamume aliyemfikia. Kule mahame tulikohamishwa ndiko tulikomzika. Kaangalie ngwe yenu, Mwalimu. Udongo umelalia upande gani?"

Julia alipita shambani. Ngwe za watu wote, udongo wa matuta ulilalia upande wa barabara. Yao peke yake ulilalia upande wa pili, kama uliolimwa kwa shoto.

Sasa hofu ilimshika kweli. Lakini alikuwa fundi, na fundi ana njia zake. Mumewe alipokwenda mkutanoni, alichukua sindano na uzi mwekundu, akalala, akaushonea mkono wa kushoto wa gauni lake kwenye godoro. Mishono midogo ya kupindia, iliyoinamia kulia kama alivyofundisha wanafunzi wake mara mia. Akasema moyoni: ukitoka, utakata uzi.

Kulipopambazuka alifumbua macho. Bega lilikuwa linawaka. Akatazama uzi.

Haukukatika. Mishono yote ilikuwepo.

Akashusha pumzi... kisha akaisogelea karibu zaidi.

Ilikuwa imeinamia kushoto.

Kila mshono. Mtu alifumua, akatoka, akarudi, akashona upya kwa subira. Na chini ya kucha za mkono wake mwenyewe kulikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.

Hakupiga kelele. Alimngoja Bartholomayo mpaka jioni, akamkuta nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe kuukuu. Jembe la Mama Reginald. Siku zote alikataa kuligawa, eti chuma kama kile hakipatikani tena.

"Baba Reginald," alisema. "Unajua."

Mwanamume yule aliweka panga chini. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Julia kuliko kuongopewa.

"Alipokuwa anakufa aliniuliza, nani atakulimia? Nikamwambia, wewe. Nani mwingine?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni maneno ya kumliwaza mgonjwa. Nilipokuoa, akaja. Akataka mikono yote miwili. Nikamwomba, Julia. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, huyu ni fundi, mwachie mkono wa kulia."

Alimtazama mkewe kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Julia alipandwa na hasira. Miezi miwili alikuwa amemchukia jirani asiye na kosa, na huku mkono wake umegawiwa na mtu anayekula naye sahani moja.

Alfajiri aliondoka. Hakuaga. Alifunga kikapu gizani kwa haraka: kanga mbili, mkasi, kadi ya hospitali. Alikibeba mpaka barabarani akapanda basi la Masasi, kwa mama yake. Njiani alitambua jambo ambalo lilimtoa machozi. Mkono haukuuma! Alikuwa amekibeba kikapu chote kwa mkono wa kushoto, mwendo wa saa nzima, na haukuuma hata kidogo. Vidole vilikunjika, vikakunjuka. Alicheka peke yake mpaka abiria wakamtazama. Atashona tena. Atakodi mashine pale sokoni Masasi, ataanza upya.

Mama yake, Bi Helena, aliishi peke yake chini ya milima ya mawe. Alimpokea kwa vigelegele, akamketisha, akaanza kufungua kikapu kama wafanyavyo mama wote, kuona mtoto kaleta nini.

"Ehe! Afadhali, mwanangu. Umenifikiria."

"Nini, mama?"

Bi Helena alikuwa ameinua kitu kilichoviringwa kwenye kanga, kizito. Kanga ilikuwa imeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Aliifumua kwa meno.

Chuma cha lile jembe kuukuu, kimelika upande mmoja.

"Mvua imenikuta sina jembe," mama alisema kwa furaha, "na ngwe yangu haijaguswa. Shika, ukaliweke nyuma ya mlango."

Julia alitaka kusema hapana. Alitaka kusema lirudishwe, litupwe, lizikwe. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kunyooka, ukalipokea.

Mama yake akacheka kidogo.

"We mtoto. Tangu lini ukawa wa shoto?"