Kwa Nini Umechagua Kwetu?

Chizuru alikosea herufi moja tu. Lakini ilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa fomu.

"Aa!" alisema, akaweka kalamu mezani.

Bibi yake, Tomie, hakuuliza kuna nini. Alinyoosha mkono. "Lete."

Chizuru akampa karatasi. Katika mji wetu, fomu ya kuomba kazi huandikwa kwa mkono, kwa wino mweusi. Ukikosea, hufuti. Hupaki rangi nyeupe juu ya kosa. Unachukua fomu mpya na kuanza tena kwenye jina lako. Wazazi wetu walifanya hivyo. Sisi tunalalamika, na tunafanya vilevile.

Bibi Tomie aliikata fomu vipande viwili kwa mkasi. Nyuma ilikuwa nyeupe, haina kitu. Akachukua kipande kimoja, akaandika: tofu, vitunguu majani, figili moja kubwa.

"Karatasi nzuri hizi," alisema. "Nene. Usipokosea wewe, mimi nitaandika wapi?"

"Bibi, unanicheka."

"Nisipokucheka mimi, akucheke nani? Kunywa supu, inapoa."

Chizuru alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo aliishi na Bibi. Bibi ndiye aliyemfungia chakula cha shule. Bibi ndiye aliyemfundisha kuogelea, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Sasa Chizuru alikuwa anamaliza chuo mwezi Machi. Kwetu, wahitimu huanza kazi pamoja, tarehe moja Aprili. Asiyepata kazi kufikia siku hiyo huona aibu hata kwenda dukani. Tangu kiangazi Chizuru alikuwa amefanya usaili kwenye kampuni kumi na moja. Zote zilimwandikia barua ya kumkataa, yenye adabu. Zote zilimalizia kwa maneno yaleyale: "Tunakuombea mafanikio mema huko uendako."

"Kampuni kumi na moja zinakuombea," Bibi alisema. "Hata hekaluni hawaombewi watu hivyo."

Walicheka wote wawili. Lakini Chizuru alicheka kidogo tu. Juzi mjomba wake Yasuo alikuwa amepiga simu kutoka Nagoya.

"Chizu, ukikosa huko, njoo huku. Ghala letu linaajiri. Bibi tutamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Magoti yale na theluji ile, hawezi kukaa peke yake."

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli. Ndiyo maana Chizuru hakupata usingizi.

Mjini kwetu ilibaki kampuni moja tu iliyokuwa bado inatafuta mtu. Ni kiwanda cha Iwabuchi, kinachotengeneza vishikio vya ukutani vya kujishikilia usianguke: vya bafuni, vya ngazi na vya mlangoni. Usaili ulikuwa siku ya Alhamisi.

Siku ile Chizuru alipokosea herufi, theluji ilikuwa imefika magotini. Bibi Tomie alimpa orodha yake jirani, Bi Kusakabe, aliyekuwa anakwenda dukani. Bi Kusakabe, ambaye Chizuru humwita Shangazi kwa heshima, ni mjane, mstaafu, mwenye miwani mikubwa na mdomo usiojua kuzungukazunguka. Baada ya saa moja alirudi.

"Hodi! Figili hii hapa. Tofu hii hapa. Na haya je, ni nini?"

Aligeuza ile orodha, akasoma upande wa pili kwa sauti.

"'Nimeguswa sana na falsafa ya kampuni yenu. Ningependa kukua pamoja nanyi na kuihudumia jamii.'"

Chizuru aliona haya. "Hiyo ni sababu yangu ya kuomba kazi, Shangazi."

"Kazi ya wapi?"

"Iwabuchi."

"Ningejuaje? Ukimpelekea muuza tofu, itamfaa. Ukipeleka benki, itafaa. Ukimpelekea mchimba makaburi, naye atashukuru."

"Kitabu cha usaili ndivyo kinavyosema."

"Na hicho kitabu umekinunua wewe peke yako?"

Bi Kusakabe alivua viatu, akaja kuingiza miguu chini ya meza ya joto, ile yenye hita na blanketi. Bibi Tomie akamsogezea chai na bakuli la machenza.

"Sikiliza, mtoto," Bi Kusakabe alisema. "Mimi nilikaa idara ya ajira ya kiwanda cha dawa miaka ishirini na saba. Kila mwaka nilisikiliza vijana mia mbili. Mia na tisini walikuwa wameguswa na falsafa. Jioni sikukumbuka sura hata moja. Haya, hiyo falsafa ya Iwabuchi inasemaje?"

"Inasema..." Chizuru alitazama dari. "Kuna neno 'kesho' ndani yake."

Bibi Tomie alicheka mpaka akapaliwa na chenza.

"Basi niambie sababu ya kweli," alisema Bi Kusakabe. "Hapa hakuna msaili. Tupo sisi na figili."

Chizuru alimtazama Bibi, kisha akatazama meza.

"Nataka kubaki na Bibi."

Bibi Tomie alianza kumenya chenza jingine, ingawa la kwanza hakulimaliza.

"Hiyo ni kweli, na ni nzuri," alisema Bi Kusakabe taratibu. "Lakini hiyo ni sababu ya wewe kuitaka kazi. Wao wanataka sababu ya kukupa wewe. Ukiwaambia 'ni karibu na nyumbani', watafikiri kikijengwa kiwanda karibu zaidi, utahama."

"Basi niseme nini? Mimi sina jambo la ajabu. Na mambo ya nyumbani hayasemwi mbele ya wageni."

"Hapo ndipo tunapokosea sisi wa huku. Tunafunga mlango, tunawaachia wageni maneno ya kitabu. Kuomba huruma kwa habari za nyumbani, hapana. Hilo usifanye. Lakini ulichojifunza nyumbani ni elimu kama ya chuo. Hebu, kile kishikio cha mlangoni kwenu alikitengeneza nani?"

"Iwabuchi."

"Kile si changu," Bibi Tomie alidakia. "Kile ni cha kutundikia taulo."

Mtaa mzima ulijua kwamba Bibi hukishika kile kishikio akiona hakuna mtu. Akisikia nyayo tu, hukiachia haraka na kujifanya ananyoosha taulo.

"Sawa, cha taulo," alisema Bi Kusakabe. "Chizu, nieleze siku kilipofungwa."

Chizuru alifikiri.

"Kabla yake kampuni nyingine ilikuja kufunga cha bafuni. Walipima ukuta kwa futi, wakafunga, wakaondoka. Kilikuwa juu mno. Bibi hakukitumia. Kisha akaja yule fundi wa Iwabuchi. Hakutoa hata mashine ya kutoboa. Alimwambia Bibi, 'Mama, ingia na utoke kama kila siku.'"

"Mara tano!" Bibi alisema. "Kama paka aliyefungiwa nje."

"Yeye alikuwa anatazama mkono wa Bibi. Mkono ulikuwa unagusa kabati la viatu, mahali palepale kila mara. Rangi ilikuwa imetoka hapo, na sisi hatukuwa tumeona. Akachora alama ya chaki. Ndipo akatoboa."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Na hujasahau chaki."

"Niliona yule fundi ameuliza mkono kwanza," alisema Chizuru. "Wale wengine waliuliza futi."

Bi Kusakabe aliweka kikombe chini. "Na wewe ukiingia pale, utawafaa kwa nini?"

"Sijui, Shangazi. Labda kutazama mikono. Wazee hawasemi wanapoumia. Bibi akiumia goti, anasema habari za taulo. Mimi nimezoea kusikia hivyo."

Bibi Tomie alimtazama mjukuu wake. Akamsogezea chenza alilomenya.

"Andika hayo," alisema Bi Kusakabe. "Umeniambia ulikutana wapi na kazi yao. Umeniambia kwa nini wao, na si wengine. Umeniambia utawafaa kwa nini. Msaili ana njaa ya hayo tu. Yaseme kwa dakika moja. Usikariri neno kwa neno, kumbuka yaliyotokea. Na usitie chumvi. Msaili ana swali la pili, na hilo ndilo linalomnasa mwongo."

Jioni ile Chizuru aliandika upya. Aliharibu fomu tano. Bibi alizipokea moja baada ya nyingine, akazikata, akazipanga vizuri kwenye kopo lake.

Alhamisi Chizuru alivaa suti nyeusi, akafunga nywele. Alibisha mlango mara tatu, akaingia, akainama. Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Katikati alikuwa Mzee Iwabuchi, mwenye kampuni. Kulia alikuwa mwanamke mwenye kalamu. Kushoto alikaa mwanamume mwenye nguo za kazi, kichwa chake kimeinama kwenye karatasi.

"Kwa nini umechagua kwetu?" aliuliza Mzee Iwabuchi.

Mdomo wa Chizuru ulikuwa umesema maneno yale mara kumi na moja. Ulitangulia wenyewe.

"Nimeguswa sana na falsafa ya..."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Akaona yule mwanamke anaiweka kalamu chini, polepole. Alimkumbuka Bibi amekaa peke yake, anasubiri kusikia mlango.

"Samahani," alisema, akainama. "Naomba nianze upya."

"Kuna nini?"

"Hayo ni maneno ya kitabu. Nina yangu."

Mwanamume wa nguo za kazi aliinua kichwa.

"Haya," alisema Mzee Iwabuchi. "Tupe yako."

Chizuru alivuta pumzi.

"Miaka mitano iliyopita, fundi wenu alikuja kufunga kishikio nyumbani kwetu. Kabla ya kutoboa, alimwomba bibi yangu aingie na kutoka. Alitazama mkono wake unagusa wapi, akachora chaki. Fundi wa kampuni nyingine alikuwa amepima ukuta tu, na kishikio chake hakikutumika. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Nimelelewa na bibi. Nimejifunza kwamba wazee huficha maumivu kwa aibu. Ukiwauliza, wanasema hawajambo. Inabidi utazame. Sijui kutoboa ukuta, nitajifunza. Lakini kutazama nimeanza zamani. Nataka kwenda kwenye nyumba za watu na kuuliza mikono yao kwanza."

Mwanamke alikuwa ameshika kalamu tena.

"Kishikio chetu kina kasoro gani?" aliuliza.

Kwetu, kumtajia mwenyeji kasoro yake ni kazi ngumu kuliko kutoboa ukuta. Lakini hili lilikuwa swali la pili.

"Wakati wa theluji kinakuwa cha baridi sana. Bibi amekifumia soksi."

"Soksi?"

"Ya sufu. Nyekundu."

Mwanamume wa nguo za kazi aliangua kicheko, akaziba mdomo. "Mtaa wa Hekalu! Kabati la viatu la kijani! Yule bibi aliniambia niache kumtazama kama polisi!"

"Ogata," alisema Mzee Iwabuchi, "usaili haujaisha." Lakini naye alikuwa anaandika. Chizuru aliliona neno moja, kichwa chini miguu juu: soksi.

Siku tisa zilipita. Siku ya kumi simu ililia Chizuru akiwa anaosha vyombo. Alipokea kwa mikono yenye povu. "Ndiyo," alisema, akainama. "Ndiyo. Ndiyo." Aliinama mara tatu mbele ya simu, kama tunavyofanya sote. Kisha akakata.

Bibi Tomie alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa ameshika ukingo wa mlango kwa nguvu.

"Wanakuombea?" aliuliza.

"Hapana, Bibi," alisema Chizuru. "Hawa hawaniombei. Wamenichukua."

Bibi alitaka kusema jambo la kuchekesha. Badala yake alikaa chini palepale jikoni, akalia, na Chizuru akamkumbatia kwa mikono yake ya povu.

Tarehe moja Aprili theluji ilikuwa imeyeyuka. Chizuru alitoka na viatu vipya. Bi Kusakabe alikuwa anafagia mbele ya mlango wake, na majirani wengine walikuwa nje wanatoa taka. Bibi Tomie akatokea mlangoni. Alitaka kushuka ngazi ya mlangoni amsindikize mjukuu wake mpaka barabarani.

Aliwatazama majirani. Akalishusha taulo, akalitupa begani. Kisha akakamata kishikio kwa mkono mzima, mchana kweupe, na kushuka taratibu.

"Bibi Tomie!" Bi Kusakabe aliita. "Kumbe si cha taulo?"

"Nyamaza wewe! Hii sasa ni kazi ya mjukuu wangu. Nisipoishika mimi, aishike nani?"

Chizuru aliinama kwa Bi Kusakabe, chini kabisa. Kisha akainama kwa Bibi.

"Nakwenda, Bibi."

"Nenda, urudi," alisema Bibi, bado ameshika kishikio. "Na ukirudi upitie dukani uninunulie daftari. Karatasi zimekwisha."