Maharage Magumu ya Verediana

Wakati ule mashamba makubwa ya ngano ya Hanang yalikuwa ya serikali. Emilian alikuwa dereva wa mashine ya kuvuna huko tambarare. Nyumbani kwao, Gitting, juu mlimani, alifika mwisho wa mwezi tu. Mke wake mpya, Verediana, aliishi na mama mkwe wake, Mama Getruda. Wifi yake, Zita, alisoma kidato cha pili shule ya bweni ya masista, upande wa Mbulu. Zita alikuja nyumbani wakati wa likizo.

Nyumba ya Mama Getruda haikukosa watu. Aliyekwenda kuteka maji alipita. Akirudi na ndoo, alipita tena. Uji ulinyweka, na maneno hayakuisha. Jirani yao Genoveva ndiye aliyeongoza. Habari ikianza mjini Katesh asubuhi, kabla ya mchana Genoveva anayo, tena ameitia chumvi.

Na habari ya siku hizo ilikuwa moja tu: maharage ya Verediana.

Verediana alitoka Magugu, kule chini kwenye joto na mpunga. Alikuwa mchapakazi. Alilima, alikamua ng'ombe, alifagia uwanja mpaka kuku wakakosa cha kudonoa. Lakini maharage yalimshinda. Aliyabandika jua likishapanda, kama walivyofanya kwao. Mchana ukafika, yakawa bado magumu. Akaongeza kuni. Maji yakarukaruka, yakakauka. Akaongeza maji ya baridi. Watu wakakaa na njaa.

Siku moja jumuiya ilisali nyumbani kwao. Nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Baada ya sala, chakula kililetwa. Katekista Nikolausi alitia kijiko mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Akameza kama mtu anayemeza kidonge.

"Mama Getruda," Genoveva alisema, "haya ni maharage au kokoto?"

"Tumshukuru Mungu kwa meno," katekista alijibu.

Watu walicheka sana. Verediana naye alicheka, kidogo. Kisha aliingia jikoni, wala hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka.

Zita aliona yote. Likizo ilikuwa imekwisha. Kesho yake alirudi shuleni, na moyo wake ulikuwa mzito.

Shuleni, Sista Philomena ndiye aliyefundisha fizikia. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Lakini Sista akitaka jambo likae kichwani, alilisema kwa Kiswahili.

Siku hiyo aliwapa wasichana sufuria ya maji, jiko la mafuta ya taa na kipimajoto.

"Chemsheni maji," alisema. "Kisha mniambie yamefika nyuzi ngapi."

Maji yalipochemka, Zita alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mia moja, Sista!"

"Umeona au umesoma?"

"Nimesoma, Sista. Kitabu kinasema mia."

"Kitabu hicho hakijapanda mlima wetu. Hebu tazama."

Darasa zima lilicheka. Zita aliinama akatazama. Tisini na tatu.

"Ongezeni moto," Sista aliagiza.

Waliongeza. Maji yalirukaruka, yakamwagika mezani. Kipimajoto hakikusogea.

"Mmeona?" Sista alisema. "Maji yakishachemka, moto mkubwa hauyaongezei joto. Unayamaliza tu kwa mvuke. Na jambo la pili. Hewa ina uzito, inayakandamiza maji. Kule bondeni hewa ni nzito, maji huchelewa kuchemka, kwa hiyo huchemka yakiwa na joto kali zaidi. Huku juu hewa ni nyepesi. Maji yanachemka mapema, kabla hayajapata joto lile."

Zita alinyoosha mkono tena.

"Sista, na maharage je?"

"Maharage yamefanya nini tena?"

"Yakipikwa Magugu na yakipikwa Gitting, yataiva pamoja?"

Sista alifikiri, akatabasamu. "Hapana. Ya Gitting yatachelewa. Wala si kosa la mpishi."

Zita alitamani kukimbia mpaka Gitting siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata Sista alileta makopo mawili ya maji ya moto. Moja aliliacha mezani. La pili alilizika ndani ya boksi lililojaa majani makavu. Masomo yalipokwisha, wasichana walitia vidole. Kopo la mezani lilikuwa baridi kama maji ya mto. Kopo la kwenye majani liliwafanya watoe vidole haraka.

"Majani yana moto?" Sista aliuliza.

"Hapana, Sista."

"Na blanketi lako je? Halina moto pia. Linazuia joto lako lisitoke. Katikati ya majani kuna hewa iliyotulia. Hewa hiyo ndiyo inayolinda joto."

Likizo ilipofika, Zita alirudi Gitting. Hajatua sanduku lake, Genoveva huyu hapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia? Mama yako amempelekea kaka yako neno kwa dereva wa lori. Aje Jumamosi. Amrudishe mkewe Magugu, akafundwe upya."

"Kwa ajili ya maharage tu?"

"Maharage tu? Na kuni je? Huyo anataka kuumaliza msitu wa mlima wote!"

Zita alimkuta wifi yake jikoni, anapuliza moto. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amekonda.

"Ni moshi," Verediana alisema kabla hajaulizwa.

"Si moshi, wifi."

Verediana aliacha kupuliza. "Labda mkono wangu una kasoro. Kwetu nilipika, yakaiva. Hapa naamka, nahangaika, nachoma kuni, hayaivi. Nampenda kaka yako. Hata mama nampenda. Lakini nitakaaje mahali ambapo chakula changu kinachekwa?"

Zita aliketi karibu naye. Alimweleza yote: kipimajoto, hewa ya bondeni, hewa ya mlimani. Verediana alisikiliza huku ameshika kuni mkononi.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Ni mlima."

Hapo Verediana alilia kwelikweli. Zita alimwacha alie, akamshika bega.

Jioni Zita alimfuata mama yake.

"Mlima?" Mama Getruda alisema. "Mbona mimi maharage yangu yanaiva mlima huu huu?"

"Unayabandika wakati gani, Mama?"

"Jogoo wa kwanza. Nani asiyejua?"

"Anayetoka Magugu hajui. Ulimwambia?"

"Mwanamke anaambiwa habari ya maharage?"

"Aliyetoka bondeni anaambiwa, Mama."

Mama Getruda alijifunga upya khanga yake. Mwishowe alisema, "Jumamosi apike mbele ya watu. Yasipoiva, nisisikie tena habari ya Sista wenu."

Ijumaa jioni Verediana alichambua maharage, akayaloweka kwenye maji mengi. Jumamosi asubuhi aliyamwaga maji yale. Alitia maji mapya, akaijaza sufuria karibu na ukingo, akaifunika vizuri. Maji yalipochemka alipunguza kuni. Aliyaacha yachemke hasa, hayakupoa hata kidogo, kwa zaidi ya nusu saa.

Wakati huo Zita aliandaa tenga kubwa. Alilitandika gunia, akashindilia mabua makavu ya ngano. Emilian alikuwa ameyaleta kutoka shambani kwa ajili ya ng'ombe. Katikati aliacha shimo la kutosha sufuria. Verediana aliipua sufuria ikiwa bado inachemka, hakuifunua, akaitia shimoni. Juu yake waliweka mabua mengine, na juu ya mabua blanketi kuukuu.

"Wifi, una hakika?" Verediana alinong'ona.

"Nina hakika ya kopo la maji. Maharage sijayajaribu."

"Ee Mama Maria!"

Kisha Verediana alizima moto.

Genoveva alikuwa ameshika mlango. "Jamani njooni! Wanapika bila moto!"

Nyumba ikajaa. Mmoja alisema ni uchawi. Mwingine alisema ni wazimu wa shule. Katekista Nikolausi naye alifika, akasema amekuja kusalimia tu.

"Nichungulie kidogo," Genoveva alisema, mkono ukienda kwenye blanketi.

Mama Getruda alimpiga kofi mkononi. "Toka! Zita amesema ukifunua, joto linatoka. Kama yataharibika, yaharibike yenyewe, siyo kwa mkono wako."

Akavuta kigoda, akaketi kando ya tenga. Akakaa hapo tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini. Watu walikwenda mashambani wakarudi, yeye yupo. Verediana alimletea chai.

"Asante, mwanangu," Mama alisema. Verediana alisimama kidogo kabla ya kuondoka. Hakuwa ameitwa hivyo kwa muda mrefu.

Alasiri Emilian aliingia. Vumbi la ngano lilikuwa bado nyweleni. Uso wake ulikuwa mzito. Alimwamkia mama yake, akamtazama mke wake, akatazama chini.

"Kaa," Mama alisema. "Kwanza tule."

Tenga lilifunuliwa. Mvuke ulipanda. Verediana alichukua harage moja kwa kijiko, akampa mama mkwe wake. Genoveva alisogea, akanyoosha shingo. Mama Getruda alilibonyeza kwa vidole viwili. Likapondeka kama ndizi mbivu.

"Mleteeni katekista sahani," alisema.

Verediana aliyarudisha maharage motoni, yakachemka tena kidogo pamoja na chumvi na vitunguu. Katekista alikula. Akaongeza. Emilian alikula sahani mbili. Alipomaliza, alifuta mdomo, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, uliniita. Dereva aliniambia kuna neno zito."

Verediana aliacha kukusanya vyombo.

"Lipo," Mama Getruda alisema. "Ukirudi shambani, utuletee mabua. Magunia mawili. Huyu Genoveva naye anataka la kwake, ila anaona aibu kusema."

"Mimi? Aibu?" Genoveva alisema. "Lete matatu!"

Tangu siku hiyo, kuni za wiki moja zilitosha wiki mbili. Verediana hakuwa tena na macho mekundu. Alikwenda shambani na wenzake asubuhi, na akirudi chakula kilikuwa tayari. Wanawake walikuja kujifunza, na yeye aliwaeleza kwa utaratibu: loweka usiku, mwaga maji, funika, chemsha kabisa zaidi ya nusu saa, usipoze, zika kwenye mabua, usifunue mpaka muda wa saa sita upite, kisha uchemshe tena kabla ya kula.

Wanawake walilipa lile tenga jina. Waliliita Mama Mkwe Mkimya, kwa sababu linapika, linatunza nyumba, na halisemi mtu.

Mama Getruda aliposikia, alishika kiuno. "Kama hilo ni mkimya, mimi nani?"

Wanawake waliziba midomo kwa khanga. Verediana, aliyekuwa anapepeta maharage, alijibu bila kuinua kichwa:

"Wewe ni yule mwingine, Mama."

Mama Getruda alicheka mpaka akakaa chini, na aliponyoosha mkono ili ainuliwe, aliunyoosha kwa Verediana.