Blanketi la Kielelezo

Asubuhi ya Jumatatu kituo cha polisi cha Makambako kiligundua kwamba kimeibiwa.

Watu wa sokoni walipopata habari walicheka mpaka wakasahau baridi. Mwizi anaingia kwa polisi kwa miguu yake? Huyo si mwizi, ni mgeni! Lakini ndani ya kituo hakuna aliyecheka. Katika chumba cha vielelezo rafu moja ilikuwa tupu, pale lilipokuwa limekunjwa blanketi jipya, zito, jekundu, lenye mistari miwili ya manjano pembeni.

Ilikuwa Julai mwaka 1958, na mwezi huo upepo wa Makambako hauna adabu hata kidogo. Kupoteza blanketi halikuwa jambo la mzaha.

Inspekta Nahumu Mlowe alifika kutoka Njombe kabla ya adhuhuri, vumbi likiwa limempaka kope. Alikuwa Mbena wa Kidugala, mrefu na mwembamba, na kaptura yake ilipigwa pasi hata ungedhani mikunjo yake inakata mkate. Alipokuwa akiondoka, mkubwa wake Mzungu alikuwa amemwambia mlangoni, "Akiwa raia, mshitaki. Akiwa mmoja wetu, rudi kwanza tuzungumze."

Njia nzima Nahumu aliyatafuna maneno hayo kama kiazi kibichi.

Sajini Tarsis, mkuu wa kituo, alimpigia saluti iliyowashtua kuku uani.

"Mwizi tunaye, afande!"

"Mapema hivi?"

"Mke wa Lameki. Yumo stoo ya mafagio, na mtoto wake."

Lameki alikuwa mkulima kutoka Ipelele. Wiki iliyopita alikamatwa kwa kuiba blanketi hilohilo katika duka la hapo mjini, na sasa alikuwa mahabusu akingoja siku ya kesi. Mkewe Telesia alifikia kwa ndugu, akawa anamletea chakula. Asubuhi hii alipoleta uji, Sajini alikuwa ndiyo kwanza ameona rafu tupu. Akaona na kikapu cha mama. Akajumlisha.

Nahumu alianzia kwa Lameki. Mtu huyo alikuwa ameketi kwenye jamvi, magoti kidevuni, mabegani kajitanda blanketi la kijivu la serikali, jembamba kama chandarua.

"Uliiba blanketi dukani?"

"Niliiba, bwana. Nilisema tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Mke kajifungua, nyumba ina baridi. Konstebo mmoja mnene alinikamata kabla sijafika barabarani. Hata joto lake silijui."

"Wanasema mkeo kaja kuliiba tena hapa kituoni, ili kesi yako ife."

Lameki alimtazama kama mtu anayeulizwa kama ng'ombe hutaga.

"Bwana, mimi nimekiri. Kesi ife vipi na mwenyewe nimekiri? Au nifungwe mara mbili kwa blanketi moja?"

Nahumu alimgeukia Sajini. Sajini aligeukia dari.

"Sajini, lete kikapu cha huyo mama. Na umtume mtu dukani akaazime blanketi kama lile."

Mwenye duka alilileta mwenyewe, kalikumbatia kama mtoto mgonjwa. Hakutaka tena blanketi lake litembee peke yake. Alisema ya aina hiyo yalimfikia mawili tu. Moja ndilo aliloiba Lameki. La pili ndilo hili. Mji mzima, hata Njombe, halipo jingine.

"Litie kikapuni, Sajini."

Kilikuwa kikapu kidogo cha milulu, zile nyasi ngumu za bondeni, cha kubebea bakuli na kibuyu. Tarsis alikunja blanketi, akasukuma. Akakunja upya. Mwishowe akalikandamiza kwa goti, jasho likamtoka katika baridi ile. Mlulu mmoja ukakatika, wa pili ukafuata. Nusu ya blanketi ilibaki nje kama ulimi wa ng'ombe aliyechoka kulima.

"Sasa weka bakuli la uji juu yake, ulifunike."

"Haliingii, afande."

"Kufuli la chumba limevunjwa?"

"Hapana, afande."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Siku zote?"

Tarsis alikohoa. "Jumamosi nilikwenda mazoezi ya kwaya. Nilimwachia konstebo wa zamu, Efraimu. Lakini yule ni mtu mwema, afande. Kafiwa na mama mkwe, kule Kichiwa. Jumamosi hiyohiyo nilimpa ruhusa, jana wamezika, leo karudi kazini alfajiri. Sasa kaenda nyumbani kunywa chai."

"Na nani aliyemfunga pingu Telesia?"

"Nilimwamuru Efraimu."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alimfunga tu."

Nahumu alivua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyeacha kitu humo.

"Twende tukampe pole," akasema. "Maswali yatasubiri."

Nyumba za askari zilikuwa nyuma ya kituo, za bati, zikipiga kelele kwa upepo. Konstebo Efraimu alisimama mlangoni, kijana mnene mwenye uso wa upole. Mkewe Yunisi alikuwa kwenye mkeka na binti yao mdogo, Idda.

"Kamwene," Nahumu alisalimu, akainama. "Poleni sana, shemeji. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, baba. Karibuni."

Wageni walipewa vigoda na chai. Yunisi alipomkabidhi Inspekta kikombe, pindo la shali liliteleza, na kifundo cha mkono wake kikaonekana. Kilikuwa kimefungwa ukanda wa kitambaa kizito, chekundu, wenye mistari miwili ya manjano. Idda naye alifungwa wa kwake, mdogo.

Chai ilimchoma Nahumu ulimi. Hakuisikia.

Aliijua desturi hiyo. Hata kwao ilikuwapo. Mama mkwe akifariki, mkwe huleta blanketi la kumfunikia. Kabla mwili haujashushwa, wazee hukata ukingo wake na kuwafunga mabinti na wajukuu mkononi, mpaka siku ya kumaliza msiba. Mkwe anaweza kupanga mengi, lakini hawezi kuwaambia wazee wasikate.

"Blanketi zuri lilimsitiri mama," akasema polepole.

Uso wa Yunisi ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Baba, Kichiwa yote walisema! Wakwe zetu wengine walileta vishuka, unaona mwanga upande wa pili. Mume wangu akaja na blanketi la kweli. Shangazi zangu, wale waliosema nimeolewa na filimbi na kofia, siku ile walinyamaza!"

"Mama Idda, ongeza chai," Efraimu alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Vikombe vimejaa, baba Idda. Una nini?"

Nahumu alikunywa chai yake yote. Aliaga kwa heshima, akampa mtoto mkono. Kisha akasema, "Efraimu, nisindikize kidogo."

Hawakwenda mbali. Nyuma ya ua, Sajini akiwa pembeni, Inspekta alisimama.

"Blanketi ulinunua wapi?"

"Njombe, afande."

"Duka gani?"

"Lile... la karibu na soko."

"Rangi gani?"

"Jekundu."

"Mistari?"

Efraimu alishusha kofia usoni.

"Yaliletwa mawili tu, Efraimu. Moja liko mezani kwa Sajini. La pili liko wapi?"

Upepo ulipiga bati mara kadhaa. Konstebo alitazama nyumba yake.

"Kaburini, afande."

"Sema yote."

"Habari ya kifo ilifika nikiwa zamu. Mshahara bado. Dukani waliniambia askari hakopeshwi, maana akikataa kulipa utamshitaki wapi? Nikafikiria wale mashangazi. Nikafikiria mke wangu akifika kwao, mimi mikono mitupu nyuma yake. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilisema nitarudisha jingine mwisho wa mwezi, kabla ya kesi."

"Na leo asubuhi?"

"Leo asubuhi nilitaka kusema."

"Ulimfunga pingu mama mwenye mtoto mgongoni."

"Niliogopa, afande." Machozi yalimtoka. "Ni blanketi moja tu! Ndizi za sokoni tunachukua kila siku, kuku wa njiani tunachukua, nani amefungwa?"

Sajini, ambaye mdomo wake ulikuwa bado na harufu ya ndizi mbivu, alipiga hatua nyuma.

"Lameki naye alichukua moja tu," Nahumu alisema. "Naye alikuwa na sababu. Wewe ndiye uliyemkimbiza na kumkamata. Labda kwa blanketi tu ningetafuta namna ya kukuonea huruma, Efraimu, kweli. Lakini umefunga mikono ya Telesia kwa kosa ulilolijua ni lako, kisha ukaenda nyumbani kunywa chai."

Tarsis alijipenyeza. "Afande, tumkate mshahara. Ahamishwe. Tukimshitaki, watu watasema polisi ni wezi."

"Wanasema tayari, Sajini. Ngoja waseme pia kwamba polisi hukamatwa."

"Na kielelezo? Tukafukue kaburi?"

"Kuna kitambaa mkononi mwa mkewe."

Efraimu alipiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Usimvue, afande. Nakuomba. Ukimvua lazima umwambie sababu mbele ya mtoto. Nitakiri mahakamani. Kila neno. Mwachie kitambaa chake."

Nahumu alivaa tena kofia yake. Alikumbuka ule mlango wa Njombe na yale maneno. Mkubwa angekasirika. Angesema ulipaswa kurudi kwanza.

"Ukikiri," alisema hatimaye, "kitambaa sina haja nacho. Vua mkanda."

Aliandika hati ya mashitaka kwa mkono wake, hapohapo mezani, akatia sahihi. Mazungumzo yangekuja baadaye, wino ukiwa umeshakauka.

Kisha akafungua stoo ya mafagio. Telesia alitoka akipepesa macho, mtoto amelala. Inspekta alimfungua pingu, akamwomba radhi. Mama alimkaza mtoto mgongoni. Aliokota kikapu chake, akachungulia milulu iliyokatika kwa goti la Sajini.

"Na hiki nani atanisukia?" akauliza.

Polisi watatu walitazama chini, kila mmoja viatu vyake.

Efraimu alipoingizwa mahabusu bila mkanda wala kofia, Lameki alimtambua. Alimtazama kutoka juu hadi chini. Nahumu, akiwa na ufunguo mkononi, alingoja tusi.

Lameki alisogea kwenye jamvi, akaacha nafasi.

"Karibu, afande," alisema. "Blanketi la hapa ni moja, la serikali. Tutajifunika wote." Akavuta upande wake kidogo. "Ila asubuhi tulikute hapahapa."