Jina la Orpa Halimo kwenye Albamu

— Gaston, jina yangu iko wapi?

Orpa alisimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi, simu mkononi, macho yamemtoka kwa hasira. Bendi nzima ikaacha kupiga. Vijana hao na vinanda vyao vya umeme ndio wanaouchezesha mji wa Likasi. Asubuhi hiyo walikuwa wametoa albamu inayokusanya nyimbo zao bora za miaka yote, na wimbo "Orpa", ambao Gaston alimtungia Orpa, mpenzi wake, na uliowapa umaarufu, haukuwemo.

— Chérie, nitakuelezea jioni, Gaston akasema, vidole bado juu ya kinanda.

— Jioni? Bantu ya Kamatanda mpaka Kapolowe banaimbaka ile wimbo! Leo njo unaona haya na minye?

— Hapana, Orpa...

— Uko na mwingine. Sema!

Gaston akainamia kinanda chake. Alikuwa amekatazwa kusema. Jamani, mwanamume akifungwa mdomo namna hiyo, mapenzi yanaharibika hivihivi watu wanatazama.

Orpa akatoka, na njiani akamwandikia: "Usinitafute tena. Imeisha." Akalia mbele za watu, wala hakujali.

Simu ikaita. Ni mama yake, Mama Suzanne.

— Orpa, rudia nyumba mbio. Kuko bageni.

— Mama, minye sina nguvu ya bageni.

— Kuya tu!

Orpa akarudi, na sebuleni alimkuta baba yake, Papa Tshimanga, mzee wa kanisa asiyecheka ovyo. Mbele yake alikaa Tonton Léon, mjomba wa Gaston, na kreti za soda. Gaston naye akaingia akihema, jasho linamtiririka.

— Huyu kijana alitaka kukuoa, Papa Tshimanga akamwambia binti yake. Nikamuambia: jina ya mutoto wangu haitapigwa kwa baa kama famille yako haijajionyesha hapa. Uitoshe, uiondoe kwa album, na ufunge kinywa mpaka bakubwa bako bakuye. Akaitosha. Leo bamekuya. Ukiitika, jina irudie kwa album.

Orpa akamgeukia Gaston.

— Na minye nimekuandikia...

— Nimesoma, Gaston akasema.

Kwao hakuna chupa ya wachumba inayofunguliwa kabla binti hajajibu; akisema inywewe, amekubali kuolewa.

— Orpa, bya kunywa bya bale bantu, tukunywe? Papa Tshimanga akauliza.

Gaston akafumba macho.

— Papa, mukunywe. Mukunywe yote, musibakishe hata moja!

Mama Suzanne akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuchungulia, na Papa Tshimanga, kwa mara ya kwanza mbele ya wageni, akacheka hadi machozi.