Meza Isiyo na Pembe

Sokoni Kariakoo palikuwa hapapenyeki. Ubao wa mvule aliobeba Ubeid begani ulinasa buibui la binti mmoja, likachanika mpaka kiwikoni.

"Niwie radhi, bibie!"

"Wewe seremala?" binti akauliza, macho yake ya wanja yakimpima. "Basi nina kazi yako. Nataka meza ya kahawa, ya mviringo, isiwe na pembe hata moja."

Jina lake Zamzam. Ubeid hakuwahi kupinda mbao, lakini akakubali.

Alichemsha mbao nyembamba kwenye pipa, akazizungusha zingali moto kwenye kalibu ya mviringo. Wa kwanza ulikatika. Wa pili nao, pa! Zamzam alikuwepo, maana kila alasiri alipita karakanani kwa Ubeid, Mtaa wa Sikukuu, akinukia asumini.

"Mbao hazikutaki, fundi."

"Zinakuonea haya wewe."

Wa tatu ukatii, ukawa ukingo wa meza. Ubeid aliukaza kwa kamba, moyo ukimwenda mbio. Na si kwa sababu ya ubao.

Ijumaa, Sabaha, jirani muuza vitumbua, akamwambia, "Kumbe meza ni ya harusi! Watu wa Tanga wamekuja kumposa Zamzam."

Kesho yake Zamzam alipofika, Ubeid hakuinua kichwa. "Tafuta fundi mwingine."

"Nimekosa nini?"

"Kamuulize mchumba wako."

Zamzam alimtazama, akaondoka akifuta machozi.

Siku tatu randa haikumtii Ubeid. Ya nne, Zamzam alirudi amemshika mkono baba yake, Mzee Kitwana, fundi cherehani aliyeacha kazi macho yalipoingia ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemliza mwanangu?" Mzee akapandisha kanzu. Miundi yake ilijaa makovu. "Pembe za meza yetu hizi. Ndiyo maana akakuagiza isiyo na pembe."

Ubeid alitamani ardhi immeze. "Na... wale wa Tanga?"

"Aliwakataa. Nikamuuliza sababu, akaniambia habari za mbao zinazokatika."

"Baba!" Zamzam akajifunika uso kwa ushungi.

Mzee alipapasa ule ukingo polepole, akauzunguka wote, akatabasamu.

"Nisamehe, Zamzam," Ubeid akasema. "Nilisikia maneno ya mtaani, nisikuulize mwenyewe." Akamgeukia baba. "Mzee, nikileta wazee wangu Jumapili, nitakuwa nimekosa adabu?"

"Muulize anayeolewa."

Zamzam akafunua jicho moja. "Waje asubuhi. Mchana baba hulala, nami sitaki kungoja mpaka aamke."