Chokaa Niliyoiita Unga

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kujaza chokaa kwenye vichupa. Mama alikuwa akiuza popoo mbele ya nyumba yetu hapa Madang, mjini pwani, na popoo hutafunwa pamoja na chokaa, bila hiyo hakuna anayeitaka. Vichupa vilivyojaa nilikuwa nikiviacha kibarazani, sakafuni, tangu nikiwa na miaka saba.

Kisha mjomba akamleta mkewe, Anti Josepa, kutoka milimani Goroka, pamoja na mtoto wao Tobi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Wiki haijaisha, anti ameigeuza nyumba. Mafuta ya taa yakapanda juu ya kabati, panga likafichwa, ngazi ikawekewa kigeti cha mianzi. Chokaa yangu aliitia kwenye bilum, ule mfuko wa nyuzi, akaitundika juu ya mlango ambako sikuifikia bila kupanda ndoo.

"Huko kwenu kuna mageti?" nilimwuliza siku moja. "Au watoto mnawafunga kamba kama nguruwe?"

"Kwetu watoto wana adabu," alijibu. "Wewe hiyo yako uliiangusha wapi?"

Mama alilicheka swali langu, na kicheko kile kilinipa kichwa. Yeye naye hakumpenda anti. Alinung'unika kila siku kwamba mtu amefika juzi tu na tayari anatupangia nyumba yetu.

Jumatatu moja nilichelewa kuamka. Niliishusha bilum nzima kwa fimbo, nikajaza vichupa, nikaviacha vyote sakafuni. Nilifanya makusudi, ili anti avione na aumie roho.

Aliyeviona ni Tobi. Nikiwa navaa sare nilisikia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Nilimkuta kibarazani, nusu ya uso nyeupe, kichupa kitupu mapajani.

Anti alitoka jikoni mbio. "Nini hiki?"

"Unga," nilisema. "Amechezea unga."

Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Ningeweza kulirudisha palepale, lakini nilinyamaza. Anti alimpakata akaanza kumpangusa taratibu kwa pindo la gauni lake. Mama akasema unga haujamwua mtu, mtoto anadeka tu. Tobi alijinyonganyonga, jicho la kushoto limefumba, na kila alipopanguswa alizidi kupiga mayowe. Darasani kwetu kuna msichana mwenye jicho moja jeupe, lisiloona. Liliingiwa na chokaa akiwa mdogo. Nilimkumbuka.

"Si unga," nilisema. "Ni chokaa. Mimi niliishusha."

Anti hakunitazama. Alimkimbiza Tobi kwenye tangi la maji ya mvua, akafungua bomba, akanifokea nimpanue kope. Tulimwosha muda mrefu huku anatupiga mateke, mpaka vidole vyangu vikakunjamana. Kisha mjomba akatupeleka zahanati, ambako muuguzi aliendelea kumwosha na kumtia dawa.

Jicho lilipona. Muuguzi alisema kwamba kama tungeendelea kulipangusa bila maji, sasa hivi lingekuwa halioni. Alimwuliza mama chokaa huwekwa wapi nyumbani. Aliposikia ni sakafuni, alimwambia kitu chochote anachokifikia mtoto wa umri huo kihesabiwe kiko mdomoni au machoni mwake tayari. Mama aliinamisha kichwa. Jioni ile mwenyewe alimwomba mjomba apigilie rafu ya chokaa juu ukutani.

Mimi nilimwendea anti kumwomba radhi. Alikuwa akimlisha Tobi ndizi, na hakuniambia niketi.

"Kuishusha ulikosea, na watoto hukosea," alisema. "Lakini uliniona nampangusa mwanangu, ukanyamaza. Unichukie mimi, sawa, nina mdomo wa kukujibu. Huyu angejibu nini? Hata kusema kilichomwingia jichoni hawezi. Ukikosa mbele ya mtoto mdogo, sema ukweli papo hapo, kwa sababu ni wewe tu unayeweza kumsemea."

Nilikwenda kuviokota vichupa vilivyobaki kibarazani, nikaviweka juu.