Viatu Vyote vya Namba Ishirini na Nane

Siku moja ya likizo, alipomaliza kuosha vyombo vya asubuhi, Chapuchapu alivuka ua na kuingia katika chumba cha kazi cha shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuna alichofanya polepole, hata kula. Shangazi alikuwa mtengenezaji wa maduka ya mtandaoni. Chumba chake kilikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza.

"Leo tunamalizia duka la fundi viatu," shangazi alisema. "Wewe jifanye mteja. Chagua kiatu, jaza fomu, tuma. Kisha fungua hifadhidata, kule oda zinakotunzwa, uone kama ulichoandika kimefika mahali pake: jina, simu, rangi, namba ya kiatu. Ukimaliza kimoja, nenda kingine."

"Vyote, shangazi?"

"Vyote. Na kwa kuwa sasa umekua, nakupa neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio."

Kichwa kilimvimba kidogo. Darasani kwao hakuna aliyewahi kukabidhiwa neno la siri la duka la mtu.

Kazi yenyewe ilichosha. Fomu ilikataa kutumwa mpaka namba ya kiatu ichaguliwe, na kila mara ilibidi kufungua orodha ndefu ya namba. Baada ya viatu vichache Chapuchapu aliingia kwenye mipangilio. Akaiweka namba ya kwanza, ishirini na nane, iwe imeshajazwa kila fomu inapofunguliwa. Kuanzia hapo oda zake zilikwenda mbio. Alikusudia kuiondoa mwishoni, lakini mwishoni mama yake alimwita kula, akakimbia bila kuangalia tena.

"Umeangalia vyote?" shangazi alimuuliza walipokuwa mezani.

"Vyote," alijibu, mdomo umejaa.

Duka likafunguliwa. Shule nazo zilikuwa karibu kufunguliwa, hivyo oda zilimiminika. Shangazi alitembea akiimba. Fundi viatu hakupiga simu, wakadhani kazi imemzidi.

Ilikuwa imemzidi kweli. Mchana mmoja alitokea mlangoni na gunia, akamwaga mezani vipande vya ngozi nyeusi vilivyokatwa tayari. Vyote vilikuwa vidogo.

"Dada, karibu ngozi yangu yote nimeikatia namba ishirini na nane," alisema. "Nikajiambia, labda mwaka huu wanaanza shule watoto wadogo tu. Jana amekuja mteja wa kwanza kuchukua vyake. Dereva wa lori! Kiatu kimeishia kwenye vidole."

Siku nyingine Chapuchapu angecheka hadi machozi. Sasa aliikumbuka namba aliyoiacha kwenye fomu.

"Fundi, fomu yangu imepimwa," shangazi alisema. "Pengine wewe umesoma vibaya."

"Namba najua kusoma, dada. Kama duka limekosea, lifungwe leo. Na wale mafundi wenzangu niliowaambia waje kwako, nitawaambia wasije."

"Fomu haina kosa! Aliyeipima namwamini kama ninavyojiamini mwenyewe."

Kompyuta ya pili ilikuwa wazi mbele ya Chapuchapu. Angeweza kuiondoa ile namba papo hapo, na hakuna ambaye angejua. Mkono wake ulishashika kipanya. Kisha alimwona fundi akiokota vipande vyake kimoja kimoja na kuvirudisha ndani ya gunia, ameinamisha kichwa kama mtu aliyesingiziwa. Aliona aibu sana. Akajikaza kisabuni.

"Shangazi, ni mimi."

Aliwaonyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi ile namba ilivyojijaza kabla mteja hajachagua yake, akaeleza aliiweka lini na kwa nini. Shangazi aliifungua fomu, akajionea mwenyewe. Kisha akamgeukia fundi.

"Nisamehe, kaka. Nimekuambia umesoma vibaya, kumbe uzembe uko kwangu."

Fundi akakaa kitako. "Haya, namba za kweli za watu tutazipata wapi?"

"Simu zao zipo kwenye hifadhidata," Chapuchapu alisema. "Nitampigia kila mmoja."

Shangazi aliiondoa ile namba, na siku hiyohiyo alibadilisha neno la siri bila kusema lolote. Hilo lilimuuma mtoto kuliko karipio. Likizo iliyobaki ilimwishia kwenye simu. "Shikamoo. Samahani, unavaa kiatu namba gani?" Wengine walimfokea, na mzee mmoja aliapa kwamba huo ni utapeli. Shangazi alinunua ngozi nyingine, fundi akakata upya, na viatu vikawahi shule. Vile vipande vidogo fundi alivishona viatu vya watoto, vikapangwa dukani vikisubiri mnunuzi.

Jioni moja, fundi akiwa amekuja kuwasalimu, oda mpya iliingia. Namba ishirini na nane. Chapuchapu aliirukia kompyuta. Aliikagua fomu, ilikuwa sawa. Hata hivyo alipiga simu.

"Marahaba, mwanangu," sauti ya bibi ilijibu. "Ndiyo, ishirini na nane. Ni vya mjukuu wangu."

"Hatimaye!" fundi alipiga makofi. "Mwenye miguu yake amepatikana!"

Walipomaliza kucheka, shangazi alivuta kiti karibu.

"Kila mtu hukosea kazini, mimi pia," alisema. "Lakini ungeifuta ile namba kimyakimya, mimi na fundi tungekuwa maadui mpaka leo, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Ukikosea, sema mapema, watu warekebishe. Na usiseme umemaliza kabla hujaangalia."

Kisha akamwandikia neno la siri jipya. Kulikuwa na duka la muuza sufuria la kupima.

Chapuchapu alianza fomu ya kwanza. Fundi alikunywa chai yake, akaongezewa, akamaliza, na mtoto bado alikuwa ameinamia kioo.

"Umeangalia vyote?" shangazi aliuliza.

"Bado, shangazi," alijibu, akaendelea.